Ndege Hawakuiba Nywele za Mama

Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi nyuma ya nyumba, nimevua mtandio kwa sababu ya joto, msichana wa jirani akaja kuazima kinu. Akanitazama utosini, akaona ngozi inavyong'aa kati ya nywele chache zilizobaki, akaniambia kwa sauti ya msibani, "Pole, bibi. Ni mawazo hayo." Nikamuuliza mawazo gani. Akasema kila mtu anajua kwamba mawazo ndiyo yanayomaliza nywele za wazee. Nikamjibu kwamba kama mawazo yangekuwa yanang'oa nywele, mama yake angekuwa na kichwa kama yai, maana amemzaa yeye. Aliondoka amenuna, na kinu hakuchukua. Sijamwomba radhi, na siombi.

Nilimwonea, najua. Hasira yenyewe si yake. Ni ya miaka ya hamsini, pale Garsen, nilipokuwa mwari niliyekwisha kuposwa, mama yangu akaanza kukatika nywele. Maneno yaliyosemwa nyumbani kwetu mwaka ule sijayasamehe, na sasa nimekuwa mzee wa kutosha kuyajibu bila mtu wa kunikanya.

Mama alikuwa msusi. Alizaliwa Kipini, baba akamwoa na kumleta Garsen, lakini lugha ya kwao hakuiacha. Mpaka anakufa alisema kitwa kwa kichwa na ndoo kwa njoo, na sisi watoto tukimcheka anatucheka yeye zaidi. Alisukia kwenye ukumbi wa nyuma, juu ya mkeka, mteja ameketi chini na kichwa chake kati ya magoti ya mama. Walikuja Wapokomo kutoka mashamba ya mpunga, walikuja wake wa wenye maduka, walikuja hata wasafiri waliokuwa wakisubiri lori lao livushwe mto. Na maharusi. Hakuna bibi harusi wa mtaa wetu aliyetolewa ndani bila kupita mikononi mwa mama.

Mimi nilimsaidia tangu nikiwa mdogo. Nilishika uzi mweusi, nilipaka mafuta, baadaye nikaruhusiwa kugawa njia kwa ncha ya chanuo. Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa kufukia. Kwetu nywele zinazobaki kwenye chanuo hazitupwi. Zinasokotwa kifundo na kufukiwa, maana ndege akiziokota akajengea kiota, mwenye nywele ataumwa kichwa mpaka makinda yaruke, na kiota kikinyeshewa mvua nywele zake zitaanza kukatika. Ndivyo tulivyofunzwa. Nilizifukia chini ya mgomba nyuma ya bafu, kila jioni, na sikukosa hata siku moja. Likumbuke hilo, kwa sababu baadaye niliambiwa nilikosa.

Mwaka huo mama alianza kwa joto. Alikuwa anasuka, mara jasho linamtoka usoni kama aliyekimbia, anaacha kichwa cha mtu nusu na kwenda kujimwagia maji shingoni. Alikuwa akighadhibika kwa jambo dogo, sufuria ikianguka tu, kisha anacheka na kusema hajui limemtoka wapi. Siku zake zikawa zinaruka mwezi, mara miwili, kisha zikakoma. Hilo hakunificha, kwa sababu nilishakuwa mwanamke na vitambaa tulivifua pamoja. Halafu nywele. Njia ya katikati ya kichwa chake, iliyokuwa nyembamba kama uzi, ikapanuka hadi nikaweza kupitisha kidole.

"Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mtukuzi," alisema mara ya kwanza nilipomwonyesha kifundo kwenye chanuo. Alikuwa anatania. Lakini jioni nilimwona ameshika kioo cha baba cha kunyolea, anajitazama utosini kwa pembeni, na hakuwa anatania tena.

Nami nikaamua kumponya. Katika ususi wetu kulikuwa na imani moja ambayo hata mama, pamoja na ufundi wake wote, hakuwahi kuitilia shaka: kwamba nywele zikivutwa kwa nguvu zinaamka. Msichana mwenye nywele fupi alisukwa akabanwa mpaka macho yakainuka, akaambiwa avumilie, ndiyo dawa. Basi nilimsuka mama hivyo. Nilimbana kwa uzi, nikarudia kila baada ya siku tatu, na yeye akanihimiza, "Vuta, mwanangu, usinionee huruma." Nilivuta. Baada ya miezi miwili nywele za panja, juu ya masikio, ambazo mpaka hapo zilikuwa nzima, zilikuwa zikitoka na vishina vyake vyeupe kwenye vidole vyangu. Naandika hapa ili ijulikane: utosi ulikuwa umri wake, lakini panja za mama nilizimaliza mimi mwenyewe kwa mapenzi na kwa ujinga. Ndege hakuhusika.

Siku za harusi yangu zilipokaribia, shangazi alikuja kutoka Ozi kuisimamia. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke wa kifua mbele, anayeingia katika nyumba ya watu na kuanza kuhamisha mitungi. Siku ya pili tu alimkuta mama ametoka kuoga, kichwa wazi. Akashika kinywa.

"Wifi! Umefanyani?"

"Sikufanya kitu. Zinakwenda zenyewe."

"Nywele haziendi zenyewe. Kuna kitu." Akamhoji mama mbele yangu kama kadhi, na alipofika kwenye swali la siku zake, mama akajibu ukweli. Shangazi akapiga makofi ya ushindi. "Basi ndiyo hiyo. Damu ikikosa mlango wa chini hutafuta wa juu. Imekupanda kichwani, inakuunguza mizizi. Na hilo joto unalolisema ni nini kama si moto wa damu?"

Jinsi alivyolipanga ungedhani ameiona ile damu ikipanda ngazi. Hata mimi nilishawishika kidogo, nakiri. Akaitwa mwanamke wa kupiga chuku. Alikuja na pembe zake za ng'ombe zilizotobolewa nchani, akamchanja mama kisogoni kwa wembe, akabandika pembe, akanyonya hewa kwa mdomo na kuziba kwa nta. Pembe ilipobanduliwa, damu nyeusi iliyoganda ikatoka kama ini. "Mnaona?" alisema shangazi. "Mnaiona ilivyo mbaya?" Damu ya nani ikiganda kwenye pembe haitakuwa nyeusi? Hilo sikumwuliza siku hiyo. Ningemwuliza leo.

Mama alipigwa chuku mara tatu katika wiki mbili. Mara ya tatu ilikuwa utosini kabisa, pale pale palipokuwa pamebaki nywele chache, wakanyoa kiduara kama kibaraza kwanza ili pembe ishike. Kesho yake asubuhi alikwenda kuchota maji mtungini akaanguka. Nilimkuta ameketi sakafuni, kata mkononi, midomo imekuwa myeupe, anasema haoni vizuri.

Siku hiyo hiyo alipita mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akituletea samli. Alimkuta mama amelala ukumbini na kitambaa kichwani. Akakifunua bila kuomba ruhusa, akaona chale, akatikisa kichwa.

"Nani alikata wewe hapa?"

Nikamweleza habari ya damu na nywele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalegeza ushungi wake mweusi na kuinamisha kichwa ili tuone. Palikuwa hapana kitu katikati, ngozi tupu.

"Yangu ilienda zamani," alisema. "Damu ilienda, nywele ikaenda, watoto wakaenda kuolewa. Mimi bado nakamua." Akajifunga ushungi, akamwachia mama kibuyu kidogo cha maziwa ambacho hatukuwa tumemwagiza, akaenda zake.

Mama alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akakataa pembe ya nne. Alikataa kwa adabu, lakini alikataa. Shangazi, alipoona damu haimfikishi popote, akageukia ndege. Akasema basi nywele zimeibwa, kiota kiko mahali, na mwenye kosa ni yule aliyeachiwa kazi ya kufukia. Akanitazama.

Kuna watu wakionewa hulia. Mimi nilikwenda kuchukua jembe. Nilimshika shangazi mkono, jambo ambalo hakuna binti mwenye adabu angelifanya, nikampeleka nyuma ya bafu na kuanza kufukua chini ya mgomba. Nywele hazina haraka ya kuoza. Vilitoka vifundo vya mwezi huo, vikatoka vya mwaka uliopita, vyeusi, vya hina, vyenye mvi, vimeshikana na udongo na mizizi. Nilivirundika miguuni pake mpaka mgomba ukaanza kuinama. "Hesabu," nilimwambia. "Hesabu uniambie ndege alichukua kipi."

Alirudi nyuma asiviguse. "Hivyo ni ulivyofukia," alisema. "Mimi nazungumzia ambavyo hukufukia." Sasa utabishana vipi na mtu kama huyo?

Usiku wa kuamkia siku ya kusukwa, alitamka lile alilokuwa akilizunguka. Alilisema mbele ya mama, tena kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi. Alisema mkono wa mwanamke aliyekoma, na ambaye nywele zinamkimbia, hauingii kichwani mwa bibi harusi. Ukavu wake utashuka kwa vidole, utaingia utosini mwa mwari, utateremka hadi tumboni, na nitakaa kwa mume wangu kama jiwe. Kwa hiyo ameagiza msusi kutoka Tarasaa, mama kijana, mwenye nywele tele, anayenyonyesha. Mama asikasirike, ni kwa ajili ya heri ya mtoto.

Nilimgeukia mama nikisubiri amjibu. Mama akasema, "Sawa, wifi."

Sijui kama nimewahi kuumia hivyo tena. Shangazi alipokwenda kulala nilimvaa mama. Nilimwambia amesuka maharusi wa watu wote, mimi mwanawe ndiye atakayesukwa na mgeni? Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki. Alikuwa akiviringisha uzi mweusi kwenye kidole, na kumbe alikuwa anaogopa.

"Na kama ni kweli?" alisema. "Kama ni kweli, nami nimekushika, nitafanyaye? Wakinambia nirudi Kipini mpaka harusi ipite, nitakwenda. Mimi zangu zimeshakwenda. Sitaki kukuharibia."

Hapo nilielewa kwamba shangazi hakuwa amechukua nywele zake wala damu yake tu. Alikuwa amemfanya aiogope mikono yake mwenyewe.

"Mama," nilisema, "umeshika vichwa vya wanawake wangapi?"

"Siyui. Wengi."

"Waliokwisha kukoma, ni yupi nywele zake zilibaki kama za ujana wake?"

Akanitazama. Kisha nikamwona anaanza kupita kichwa kimoja kimoja kwa mawazo, na vidole vyake vinatembea juu ya goti kana kwamba anavishika. Vichwa vyote vya mtaa ule vilikuwa mikononi mwake. Alikuwapo aliyezaa kumi na aliyekosa hata mmoja, mwenye mume mwema na mwenye mume wa fimbo, aliyefukia nywele zake na aliyezitupa jalalani. "Yule..." alianza, akajisahihisha. "La, hata yule. Juu pale palikuwa pamelegea." Aliendelea kwa muda mrefu. Wengine walibaki nazo nyingi, wengine chache, lakini zilizobaki kama zilivyokuwa hakuziona. Na mimi nilijua kuna kichwa kimoja amekifikia na hakukitaja, kwa sababu nilikuwa nikishika uzi kila kiliposukwa. Shangazi, kila alipokuja kututembelea, alisukwa ndani, mlango umefungwa. Mama alikuwa akivuta nywele za pembeni kuzilaza juu ya utosi na kujazia uzi mweusi, kwa ufundi ambao hata baba hakujua dada yake ana upara. Nyani haoni kundule.

Asubuhi msusi wa Tarasaa alifika, mtoto mgongoni, nywele tele kama tulivyoahidiwa. Shangazi akatandika mkeka mpya. Mimi nilitoka bafuni, nywele zimelowa, nikapita mkeka mpya, nikaketi kwenye mkeka wa zamani mbele ya mama na kuegemea magoti yake.

"Inuka," alisema shangazi.

"Nitasukwa na mama, au nitaolewa nywele timutimu."

"Utajitakia ugumba kwa mdomo wako?"

"Nimejitakia. Watu wote ni mashahidi."

Msusi wa Tarasaa alijifanya anamnyonyesha mtoto. Shangazi akapandisha sauti, akasema nywele chache za mama ni ushahidi tosha, kwamba mwanamke msafi, mwenye siri zake vizuri, hafikwi na hayo. Hilo la usafi lilinitoa akili. Nikafungua kinywa. "Shangazi," nilisema, "hebu basi na wewe..."

Kiganja cha mama kilinifunga mdomo. Kilikuwa na harufu ya mafuta ya nazi, na kilibana.

"Kitwa cha mtu ni amana," alisema mama. Hakumtazama shangazi hata kidogo. Lakini shangazi mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda kwenye kanga yake ya kichwani, kuishika isiteleze, na ukabaki pale. Alijua nilichotaka kusema na alijua ni nani aliyenizuia.

Ndipo mama akavua kanga yake kichwani. Aliikunja, akaiweka pembeni, chale zote zikaonekana na kile kibaraza walichomnyoa. Akachukua chanuo. Vidole vyake vilisita hewani juu ya kichwa changu, na mimi niliurudisha utosi wangu nyuma ukavikuta, nikausukuma ndani ya viganja vyake. Vikagawa njia. Msusi wa Tarasaa, Mungu amweke pema, alimlaza mtoto wake kwenye ule mkeka mpya, akaja kushika uzi. Mama hakunibana siku hiyo. Alinisuka laini, na tangu hapo hakumbana mtu yeyote tena.

Najua kuna msomaji anayetaka kujua nilizaa au sikuzaa. Mimba yangu ya kwanza ilitoka, na waliofurahi kusema "tulisema" walisema. Baadaye nilizaa sita. Simlaumu mama kwa mimba ile, wala siwatumii watoto wangu sita kumtetea, kwa sababu vidole vyake havikuhusika na lolote kati ya hayo. Miaka mingi baadaye nesi mmoja alinieleza kwamba damu ya mwezi haipandi kichwani kamwe, kwamba mwili unapofikia umri ule hupunguza homoni zake na nywele za wengi hupungua nazo, na kwamba kumtoa damu mtu aliyekwisha kudhoofika kunaweza kuzidisha kukatika. Nilimshukuru. Nilitamani angekuwa amezaliwa mapema. Nywele za mama hazikurudi. Aliishi akawazika wengi waliomsikitikia, akasuka mpaka macho yalipomkataza.

Lakini nirudi ukumbini. Aliponimaliza, mapajani mwake palikuwa na kifundo kikubwa. Zilikuwamo nywele zangu ndefu nyeusi, na zilikuwamo zake chache zenye mvi, maana alipovua kanga zilidondoka. Nilinyoosha mkono kuzichukua nikazifukie, kazi yangu ya siku zote.

"Haraka," alisema shangazi, na sauti yake haikuwa ya amri tena. "Zifukie haraka."

Mama akanipita. Alikwenda na kifundo mpaka ukingoni mwa ua, kichwa wazi, jua linampiga utosini. Kule chini mtoni ndege walikuwa wakijenga kwenye matete, mamia yao, kelele tupu. Akakifumua kile kifundo kwa vidole mpaka nywele zikaachana, akafungua mkono, upepo ukazichukua.

"Haya, tukuani!" aliwaambia ndege. "Sasa ni zenu kwa halali."

Shangazi alipiga yowe. Msusi wa Tarasaa alicheka, kisha akambeba mtoto wake akaenda jikoni kutafuta chai. Mama akarudi, akajipangusa viganja, akaketi mahali pake na kuligonga goti lake mara mbili, kama alivyowafanyia wateja siku zote.

"Nani sasa?"

Shangazi alitazama nje. Alinitazama mimi. Akaenda akafunga mlango, akavua kanga yake, akaketi chini kati ya magoti ya mama. Mama akaninyooshea mkono, nami nikampa uzi mweusi.